Kutoka Moyale hadi Harar: Niliyoyapenda Uhabeshi

Jumatatu 13 Januari 2025, Moyale

Basi la Nairobi limetushusha Moyale kukicha. Lami imefika hadi mpakani, na wazee wa hapa bado wanasimulia enzi za kusafiri juu ya lori la ng'ombe na kulala jangwani hata siku tatu. Mimi nimelala kitini na kuamshwa na kondakta. Starehe iliyoje.

Kabla ya kuondoka Mombasa kila aliyesikia naenda Ethiopia alikuwa na la kunionya: saa zao haziko sawa, kalenda yao haiko sawa, wanakula wote sinia moja, wanalishana mikononi. Nilisikiliza nikatikisa kichwa. Mtu wa Mji wa Kale utamtisha na sinia?

Mkenya hahitaji viza, kwa hiyo muhuri ulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Ukipita geti tu, magari yanahamia kulia. Nilisimama makusudi kuona wanavyobadilishana. Madereva wa malori hupunguza mwendo na kuchungulia, lakini vijana wa bodaboda wanateleza kutoka upande huu kwenda ule kama hawajui kuna nchi mbili. Na kwa kweli kwa Waborana wengi wa hapa hazipo mbili: shangazi yuko Kenya, ng'ombe wako Ethiopia, msikiti ni ule ulio karibu.

Nilikaa kwenye mkahawa upande wa pili. Simu yangu ilisoma 9:10. Saa ya ukutani, mshale mfupi ulikuwa kwenye tatu. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Sisi husema saa tatu na dakika kumi huku macho yetu yako kwenye tisa, na hakuna mtoto anayeuliza kwa nini. Hapa wameamua mdomo na saa vikubaliane. Siku inaanza jua linapochomoza, basi saa nayo inaanza hapo, ukutani, mkononi, na kwenye tiketi ya basi.

Meza ya jirani walikuwepo Wazungu wawili wenye baiskeli, wanataka kuzipandisha juu ya basi la kesho. Wameambiwa linaondoka saa kumi na moja, wakapanga kuamka taratibu, wanywe kahawa, wafike kituoni kukaribia adhuhuri. Niliwaeleza kwamba saa kumi na moja ni ile ya alfajiri, kabla ya jua. Mwanamke akaandika kwenye daftari, akatoa sita, akajumlisha sita, akanitazama kwa huruma. Sikuwa na la kumsaidia zaidi, maana mimi sijawahi kutoa wala kujumlisha.

Risiti ya chai ilikuwa na tarehe: 5 Tir 2017. Mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane, kutegemea mwezi, na huanza Septemba. Mwaka 2000 wao waliupokea Septemba 2007, dunia nzima ikiwa imeshasahau fataki zake. Miezi kumi na miwili ina siku thelathini kila mmoja, kisha unabaki mwezi mdogo wa kumi na tatu, Pagume, wenye siku tano au sita. Wageni hucheka sana wakisikia. Lakini manahodha wetu wa pwani walihesabu vilevile: kutoka Nairuzi, mwaka mpya wa kale wa Waswahili, miongo thelathini na sita ya siku kumikumi, halafu siku tano za kufungia mwaka. Tofauti ni kwamba sisi tumewaachia wazee na watu wa Makunduchi kule Unguja, wao wameipeleka benki.

Jumanne 14 Januari, njiani

Saa kumi na moja kamili, giza bado. Wazungu walikuwepo, wamevaa taa vichwani.

Njia inapita Mega, Yabelo, Bule Hora, Dilla, na nchi inabadilika kila baada ya saa mbili: miiba na vichuguu virefu kuliko mtu, kisha milima, kisha ghafla kijani cha migomba na mibuni. Kandokando yangu alikaa mama wa Kiborana kutoka Moyale ya Kenya, mfanyabiashara wa nguo, Kiswahili chake kikavu cha kaskazini. Aliniita mwanangu kabla ya basi kuwaka.

Upande wa pili wa njia alikaa kijana mwanafunzi. Nilimuuliza kwa Kiingereza kama basi litasimama Yabelo. Akavuta pumzi ndani kwa ghafla, "hhah!", kama mtu aliyeona nyoka. Nikageuka kutazama dirishani. Hakuna kitu. Nikamuuliza tena kama kutakuwa na chakula. "Hhah!" Nikaanza kumhofia moyo wake.

"Mwanangu," mama akasema bila kufumbua macho, "huyo anakwambia ndiyo."

Hili ndilo jambo nililolipenda kuliko yote, na hakuna aliyenionya. Wahabeshi wanakubali kwa kuvuta pumzi. Si mara zote, wala si kila mtu, lakini ukikaa na mtu anayesikiliza hadithi yako, utasikia pumzi zinakatika: hhah, hhah, nakusikia, endelea. Kwetu mtu anayekusikiliza anasema "eeh" na "naam" akitoa hewa nje. Hapa wanakula maneno yako. Kufika Dilla nami nilikuwa najaribu, na mama akanikataza: "Wee utapaliwa."

Jambo jingine la basini: hakuna aliyefungua chakula bila kuwageuzia jirani zake. Kijana alinunua mkate wa duara Bule Hora, akamega, akatugawia kabla ya kuonja. Hilo mama hakulieleza, wala halikuhitaji kuelezwa.

Tulifika Hawassa jua likizama.

Jumatano 15 Januari, Hawassa

Leo ni siku ya kufunga. Wakristo wa Orthodox hapa hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai Jumatano na Ijumaa kwa karibu mwaka mzima, na kuna vipindi virefu zaidi. Ule wa kabla ya Pasaka una siku hamsini na tano. Wafuasi wakubwa wa mfungo huu ni wenye mikahawa, maana wamegeuza kujinyima kuwa karamu. Uliza chakula cha mfungo, unaletewa injera, mkate wao mwembamba na laini, imetandazwa sinia nzima, juu yake vilima vya rangi: dengu nyekundu zenye pilipili ya berbere, dengu za njano, shiro ambayo ni mchuzi mzito wa unga wa mikunde, sukuma, kabichi na karoti, bitiruti, saladi ya nyanya. Sijawahi kujinyima nikashiba hivi.

Kuhusu injera yenyewe nitasema ukweli wangu: siku ya kwanza nililalamika kimoyomoyo kwa uchachu, kama unga uliosahaulika. Unga wa teff, nafaka yao ndogo, huachwa siku kadhaa uchachuke kabla ya kumiminwa kwenye kikaango kipana cha udongo chenye moto. Leo nimeomba ya kuongeza.

Jioni nilikwenda soko la samaki la Amora Gedel, ukingoni mwa ziwa. Korongo wakubwa wenye vipara wanatembea katikati ya watu kama wakaguzi wa afya, wakingoja matumbo. Wavulana wanachuna sato kwa kasi ya kutisha, na wateja wanawala hapohapo wabichi, wamechovya kwenye pilipili. Mimi ni mtoto wa bahari, samaki nimemla kwa kila namna ya moto, lakini moto uwepo. Nilichukua wa kukaangwa. Aliyenihudumia aliniambia baadhi ya watu humla samaki hata siku ya mfungo na wengine wanalikataa hilo kabisa, kisha akatazama huku na huku kabla ya kuniongezea.

Alipojua natoka Kenya, mambo ya samaki yakaisha. "Sydney," akasema. Nikajua kinachokuja. Olimpiki ya mwaka 2000, mita 10,000, Paul Tergat wetu anaongoza kwenye mita za mwisho na Haile Gebrselassie anampita kwa sehemu 0.09 ya sekunde. Huyu kijana hakuwa amezaliwa. Aliniigizia mita mia za mwisho kwa mikono, samaki akiwa kwenye kisu. Haile ana hoteli kubwa hapa mjini, ukingoni mwa ziwa hilihili, kwa hiyo ushahidi anao karibu.

Na wote humwita Haile tu, hata magazetini. Haile ndilo jina lake. Gebrselassie ni baba yake. Hakuna jina la ukoo la kurithishana, mke habadilishi jina akiolewa, na mtoto anaanza upya na jina lake, la baba likifuata. Mtalii anayejaza fomu ya hoteli anachanganyikiwa. Mimi niliyelelewa na kina Fulani bin Fulani nilijaza bila shida.

Alhamisi 16 Januari, kuelekea Addis Ababa

Safari tu. Shashamane tumepita mchana, bendera za Marastafari zikionekana kwenye kuta chache. Ardhi ya kukaa waliipata kutoka kwa Haile Selassie. Addis tumeingia usiku, na baridi. Mji uko juu zaidi ya mita 2,300 na mimi nimekuja na koti la Mombasa, yaani shati la mikono mirefu.

Ijumaa 17 Januari, Addis Ababa

Saa tisa usiku niliamshwa na kipaza sauti. Nikaketi, nikadhani ni adhana imewahi. Ilikuwa ni kanisa, mapadri wanaimba kwa Kigeez, lugha ya ibada ambayo hakuna anayeizungumza nyumbani, na waliendelea mpaka alfajiri. Muda mfupi baadaye msikiti nao ukaingia. Mwenye nyumba ya wageni aliniuliza kama sauti ilinisumbua. Nilimwambia kwetu pia hulala anayeweza.

Swala ya Ijumaa nilisali msikiti wa Anwar, katika soko kubwa la Merkato. Kanisa la Raguel liko karibu kabisa, na watu wanaopita mbele ya kanisa hilo hufanya ishara ya msalaba bila kukata mazungumzo. Hata ndani ya daladala zao, zile ndogo za buluu na nyeupe, likitokea kanisa dirishani mikono inainuka kwa pamoja, kuanzia dereva. Ningependelea dereva abaki na usukani.

Merkato nimeona pia kitu ambacho Mkenya hawezi kukizoea upesi. Bucha na mikahawa hutofautiana: ya Wakristo ina msalaba, ya Waislamu ina mwezi au neno halali, na hakuna anayevuka. Kwetu mchinjaji kwa kawaida ni Mwislamu, na Mkristo anabeba kilo yake kwa raha akaoke nyama choma. Hapa hata Mkristo hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Nilimuuliza mwenyeji wangu Mkristo, baba wa makamo, kama marafiki wa dini mbili huwa wanakwendaje harusini. Akasema harusi yenye wageni wa dini zote mbili huwa na majiko mawili, na wapishi wawili, na ugomvi mmoja kuhusu nani atanunua vitunguu.

Jioni daladala zilijaa nikajiandaa kwa vita, mabega tayari, namna tunavyogombea matatu mvua ikinyesha. Hakuna vita. Watu walikuwa wamepanga foleni ndefu, mstari mmoja ulionyooka kandokando ya barabara, kila mtu nyuma ya mwenzake, kimya. Gari likija wanaingia kwa zamu. Hakuna askari, hakuna kamba. Nilisimama nyuma ya bibi mwenye netela nyeupe, mtandio wao mwepesi wa pamba, nikapata kiti, na mpaka sasa sijaelewa.

Kahawa sasa. Kuna aina mbili, na zinaishi mji mmoja bila kugombana. Ya kwanza ni makiato, kahawa kali yenye maziwa kidogo, urithi wa Waitaliano waliokalia nchi hii 1936 hadi 1941 wakaondoka na kuacha mashine. Unainywa umesimama, Tomoca kwa mfano, duka lililofunguliwa 1953. Ya pili inataka jioni yako nzima. Mke wa mwenyeji wangu alitandaza majani mabichi sakafuni, akawasha ubani, akaosha buni, akazikaanga mbele yetu, kisha akazungusha kikaango puani mwa kila mmoja ili avute moshi kwa mkono. Ndipo zikatwangwa, ndipo zikaingia jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu. Huku tunatafuna bisi. Mikupuo ni mitatu, abol, tona na bereka, kila mmoja mwepesi kuliko uliotangulia, na kuondoka kabla ya bereka ni kuikataa baraka.

Wazee wetu wa kahawa chungu barazani wangeikubali ile ya kwanza, abol, bila hoja. Wangeuliza tu sukari yote ile ni ya nini, na halua iko wapi.

Kisha chakula, na onyo la Mombasa likatimia. Mama mwenye nyumba akakunja tonge kubwa la injera na shiro, akalinyoosha kuelekea kinywani mwangu. Hiyo ndiyo gursha. Kukataa ni tusi, kuchukua kwa mkono wako ni kuharibu, unafungua mdomo tu. Sinia ya pamoja nimekulia nayo, lakini mara ya mwisho mtu kunilisha nilikuwa sijaanza madrasa. Tonge la pili likafuata, maana moja haitoshi. La tatu, wanasema, huleta urafiki. Urafiki wetu ulinipa kwikwi.

Jumamosi 18 Januari, Addis Ababa

Mkesha wa Timkat, sikukuu ya ubatizo. Tangu mchana barabara zimefungwa. Kila kanisa linatoa taboti yake, nakala ya mbao zile za Musa zenye Amri Kumi, imefunikwa vitambaa vya dhahabu, padri anaibeba kichwani chini ya miavuli ya mahameli, na umati unaisindikiza hadi uwanjani, kama ule wa Jan Meda, ikalale huko karibu na maji.

Mimi nimewatazama zaidi vijana wa mazulia. Taboti haikanyagi vumbi, kwa hiyo wapo vijana wenye zulia jekundu refu: wanalitandaza mbele ya padri, akishapita wanalikunja mbio, wanalibeba mabegani wakipiga kelele wapishwe, wanakimbia kwenda mbele, wanatandaza tena. Kilomita baada ya kilomita. Wengine wanafagia mbele ya zulia. Kijana mmoja alipita jasho likimtiririka, viatu mkononi, anacheka.

Jumapili 19 Januari, Addis Ababa

Alfajiri maji yamebarikiwa na kurushwa kwa mipira ya bustani. Wenye chupa wamekinga chupa, wenye watoto wamewainua watoto. Nimelowa, katika baridi niliyoieleza hapo juu.

Nguo ni nyeupe mji mzima, mpya. Wana methali kwamba gauni lisilovaliwa Timkat na lichanike, na mama yangu aliyetushonesha kila Idi angeiweka ukutani. Iko pia mila ya limau: kijana akimpenda msichana humrushia limau kifuani, na msichana akiliokota kuna matumaini. Nilimwona mmoja amelishika limau lake kuanzia asubuhi. Adhuhuri bado alikuwa nalo. Saa nane nilimkuta analinyonya.

Jumatatu 20 Januari, relini

Treni ya umeme ya Addis hadi Jibuti, iliyozinduliwa 2016. Stesheni iko mbali na mji kiasi kwamba teksi ilinigharimu kuliko nilivyopenda. Tumeshuka kutoka baridi hadi joto, kutoka mikaratusi hadi ngamia, na Dire Dawa nikavua koti. Mji huu wenyewe ni mtoto wa reli: Wafaransa walifika hapa 1902, wakaona mlima wa Harar haupandiki kwa treni, wakajenga mji chini yake.

Jumanne 21 Januari, Harar

Hapa ndipo nilipokaribia kujisahau. Ukuta wa karne ya 16, malango matano ya kale, vichochoro vya kupita watu wawili wakipeana mabega, misikiti midogo kila kona, kina mama wenye mitandio ya rangi kali. Kuna uchochoro wa washonaji uitwao Makina Girgir, kwa mlio wa cherehani zake. Mirungi inauzwa kwa mafungu, na mchana wote mji unatafuna. Mmeru angejiona yuko nyumbani.

Usiku ni zamu ya fisi. Nje ya ukuta anakaa mtu na kapu la mapande ya nyama, anawaita kwa majina, nao wanatokea gizani mmoja mmoja. Nilipewa kijiti chenye nyama nikakishika kwa meno, fisi akaja akachukua. Pumzi yake nitaikumbuka. Katika ngano zetu fisi ni mjinga mlafi anayepasuka msamba kwenye njia panda. Harar amepewa kazi ya usafi: ukutani kuna matundu madogo ya kumpitisha, usiku anaingia anakula mabaki, alfajiri anatoka, na hakuna anayemrushia jiwe.

Nimelala kwenye nyumba ya kale ya Kiharari. Ukiingia, sebule ni majukwaa ya ngazi ngazi yaliyopakwa rangi nyekundu na kutandikwa mazulia, na kila jukwaa lina mtu wake kwa heshima yake. Bibi mwenye nyumba alinionyesha pangu, pa chini karibu na mlango. Lakini mimi nilikuwa natazama ukuta. Zidaka! Vishubaka vilevile vya nyumba za Lamu, vyenye msahafu na vyombo, na juu yake sahani na bakuli zimetundikwa hadi darini, pamoja na vikapu vya rangi vilivyosukwa na kina mama wa nyumba.

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya ukuta wa marehemu nyanya yangu, sahani zimepangwa kuzunguka kioo. Mjukuu wake akatafsiri. Bibi akavaa miwani, akasogeza simu karibu, akahesabu kwa kidole, polepole, sahani moja moja. Kisha akavuta pumzi ndani, "hhah", akanirudishia simu.

"Anasema ni nzuri," mjukuu akaniambia. "Ila ni chache. Anauliza nyanya yako hakuwa na binti wa kumsaidia?"